Mizinga ya Mbao ya Kasanga

Swali liliulizwa ndani ya banda la video pale Malangali, Sumbawanga mjini, filamu ikiwa imefika patamu. Chombo kikubwa kuliko uwanja wa mpira kilikuwa kimetanda juu ya jiji moja la Marekani, viumbe wenye macho ya mjusi walikuwa wanateremka, na majeshi yote ya dunia yalikuwa yameshindwa. Waliobaki kuiokoa dunia ni mlevi mmoja, mwalimu wa shule na kijana anayeogopa damu. Mtafsiri wa kanda alikuwa amewabatiza majina ya Kiswahili, na yule mlevi alikuwa anaongea kama konda wa daladala. Ndipo rafiki yangu aliyekaa benchi la mbele akageuka na kuuliza kwa sauti: "Hivi hawa wageni wa angani, kwa nini kila siku wanashukia Marekani? Huku kwetu hawapaoni?"

Banda zima likacheka. Mzee mwenye banda akajibu kutoka mlangoni, "Washuke Sumbawanga? Wapigwe radi mchana kweupe?" Tukacheka zaidi. Kila Mtanzania anaujua utani huo. Wazee husema jina la mji wetu maana yake ni "tupa uchawi", na nchi nzima imeshaamua kwamba hatukuutupa mbali sana.

Nilikuwa na miaka 13. Filamu yenyewe nimeshaisahau jina, lakini swali lile limebaki. Na leo ninalo jibu: walishashuka. Walikuja Ufipa na vyombo vya chuma ambavyo hakuna aliyewahi kuviona, wakapigania maji ambayo hayakuwa yao, na jeshi lililotumwa kuwafukuza lilichekesha kuliko lile la kwenye kanda.

Nianze na aibu yangu. Nikiwa kidato cha pili nilikuta katika kitabu sentensi moja kuhusu mapigano ya Malangali ya tarehe 24 Julai 1916, kati ya Wajerumani na majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey. Malangali! Kwetu! Kwa wiki nzima nilitembea kifua mbele. Niliwaonyesha wadogo zangu handaki la Wajerumani, ambalo kwa kweli lilikuwa mfereji wa maji ya mvua nyuma ya nyumba yetu. Nikampelekea mwalimu wa historia habari hiyo kama mtu aliyegundua dhahabu. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hiyo ni Malangali ya kule Iringa. Hii ya kwenu wangeipigania nini, mahindi?"

Nilinyamaza, lakini niliona haya kiasi kwamba nikaanza kutafuta kama vita ile ilifika Ufipa hata kidogo. Ilifika. Ilifika Kasanga, chini kule ziwani, mahali ambapo Wajerumani walipaita Bismarckburg. Ukitoka Sumbawanga unapita Matai, kisha barabara inaanza kushuka kutoka kwenye baridi ya uwanda wa juu hadi kwenye joto la Tanganyika. Na kisa kilichotokea pale Juni 1916 ndicho kilichonifanya nicheke peke yangu maktaba hadi nikaombwa nitoke nje.

Kabla ya kukifikia, inafaa ujue kwamba Wafipa hatukuhitaji banda la video ili tujue habari za wageni. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeandika masimulizi ya wazee wa Ufipa, aliambiwa kwamba mtu wa kwanza, Ntatakwa, alianguka kutoka angani. Ukoo wake ukatawala kutoka kijiji cha Milansi, chini ya mlima Itweelele. Kisha, siku moja, mtawala wa Milansi akiwa porini kuwinda, wakatokea wanawake watatu kutoka mbali. Alikuwa amemwonya mke wake juu ya wageni, lakini wageni wakafika, wakapewa kigoda cha mtawala, wakakikalia. Mwenyewe aliporudi na nyama yake, nchi ilikuwa imeshapata wenyewe wengine. Yeye akabakiwa na Milansi na heshima ya mambo ya jadi.

Hakuna risasi wala mkuki katika kisa hicho. Nchi inabadilisha mikono kwa sababu mtu ameketi. Nimekuwa nikiamini kwamba watu waliorithishana hadithi kama hiyo hawashtushwi kirahisi na sare na bendera. Katika miaka ya 1840 walikuja Wangoni wa Zwangendaba, na Zwangendaba mwenyewe akafia huku huku Ufipa. Mwaka 1880 akapita Mskoti Joseph Thomson, akawasifu Wafipa kwa kuwa wakulima hasa. Wakaja Wajerumani na boma lao. Kila mgeni alikuja na kelele zake. Mahindi, ulezi na maharage viliendelea kupandwa.

Sasa twende 1915. Ziwa Tanganyika lilikuwa la Wajerumani kabisa. Walikuwa na meli mbili ndogo zenye mizinga, Hedwig von Wissmann na Kingani, na pale Kigoma walikuwa wanaunganisha ya tatu, Graf von Götzen. Hiyo ya tatu ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikabomolewa, ikafungwa katika makasha kama 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma ili iundwe upya. Anayetawala ziwa aliweza kuvusha askari popote: Kongo ya Wabelgiji upande mmoja, Rhodesia ya Kaskazini upande wa kusini.

Aprili mwaka huo mwindaji wa tembo aitwaye John Lee alifika London na wazo. Alisema tuchukue boti za kasi, tuzipandishe meli hadi Cape Town, kisha tuzipitishe kwa reli na porini hadi ziwani. Wakubwa wa Jeshi la Wanamaji wakakubali. Ikabaki kutafuta kamanda. Maofisa wote hodari walikuwa na shughuli baharini. Aliyepatikana alikuwa ameketi nyuma ya meza ofisini, naye anaitwa Geoffrey Spicer-Simson.

Hapa ndipo mtafsiri wa kanda angepandisha sauti. Spicer-Simson alikuwa miongoni mwa maofisa waliokaa cheo kimoja kwa muda mrefu kuliko wote jeshini, na kulikuwa na sababu. Aliwahi kugonga boti nyingine akiwa anaongoza meli ya kivita. Novemba 1914 meli iliyokuwa chini yake, Niger, ilipigwa kombora na kuzama karibu na pwani ya Uingereza, wakati yeye yuko nchi kavu hotelini. Mwili wake ulikuwa umechorwa nyoka na wanyama wengine. Akiwa Afrika alivaa sketi ya kaki, iliyoshonwa na mke wake. Alikuwa na hadithi isiyoisha ya ushujaa wake, na wenzake waliosafiri naye walijifunza kutomwamini mapema.

Alipewa boti mbili za mbao, kila moja urefu wa futi 40. Akapendekeza ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa, kwamba hayo si majina ya vyombo vya Mfalme. Akarudi na mapendekezo mapya: Mimi na Toutou. Wakubwa wakapitisha. Baadaye ndipo akawaeleza watu wake kwamba Waparisi huwaita hivyo paka na mbwa. Kwetu jina la kwanza lina utani wa ziada. Fikiria baharia Mwingereza anaulizwa na Mswahili, "Hii boti ni ya nani?" naye anajibu kwa fahari, "Mimi!"

Kikosi hicho cha watu wasiofika 30, wengi wao wa akiba, kiliondoka Uingereza Juni 1915. Reli iliwafikisha Fungurume, Katanga. Kuanzia hapo palikuwa na msitu, mito na milima ya Mitumba yenye kimo cha zaidi ya mita 1,800. Boti zikawekwa juu ya magari ya kukokotwa, zikafungwa kwenye mitambo miwili ya mvuke na maksai makumi kwa makumi. Barabara haikuwepo, ikakatwa. Madaraja hayakuwepo, yakajengwa, zaidi ya mia moja. Mitambo ya mvuke hunywa maji kuliko ng'ombe, na ule ulikuwa wakati wa kiangazi. Maji yalipokwisha, wanawake wa vijiji vya njiani walichukuliwa kuyafuata maili kadhaa na kuyarudisha kwa mitungi kichwani, ili chuma kinywe.

Nilipofika kwenye sentensi hiyo ya wanawake na mitungi, kicheko kilipungua kidogo. Nitairudia.

Boti zilifika ziwani, mahali panapoitwa leo Kalemie, mwishoni mwa Oktoba, na ziliingizwa majini wiki ya Krismasi. Jumapili ya tarehe 26 Desemba kikosi kilikuwa kimejipanga ibadani. Meli ya Kijerumani ikaonekana. Spicer-Simson, inasimuliwa, hakukatiza ibada. Sala zilipokwisha ndipo wakakimbilia boti. Meli ile ilikuwa Kingani, na mzinga wake ulikuwa umefungwa mbele tu. Mimi na Toutou zikaifuata kwa nyuma kama mbwa wanaomkimbiza tembo, na kwa dakika kama 11 kazi ikawa imekwisha. Kapteni wa Kijerumani aliuawa. Kati ya waliotoka hai alikuwemo mbuzi, aliyefugwa na washindi akawa kipenzi cha kikosi. Kingani ikakarabatiwa na kupewa jina jipya, Fifi. Tarehe 9 Februari 1916, Fifi na Mimi waliizamisha Hedwig von Wissmann.

Kamanda wa sketi sasa akawa shujaa wa kweli, na hapo ndipo mambo yakamharibikia. Graf von Götzen ilipojitokeza, kubwa kuliko vyote, alikataa kuifuata. Akasema anahitaji chombo kikubwa zaidi. Alirudi na bunduki mpya za maneno, lakini ziwani hakushambulia tena.

Tumefika Kasanga. Mwanzoni mwa Juni 1916 Luteni Kanali Murray alikuwa anasogea kwa nchi kavu kutoka Rhodesia ya Kaskazini kuja kuteka boma la Bismarckburg. Kazi ya Spicer-Simson ilikuwa rahisi: kuziba upande wa ziwa ili Wajerumani wasitoroke. Tarehe 5 Juni vyombo vyake vikafika. Akatazama kwa darubini. Juu ya ukuta wa boma akaona mizinga imemwelekea. Akageuza, akaenda zake Kituta, upande wa kusini.

Usiku wa tarehe 7 Wajerumani wakafungasha vitu vyao, wakapanda mashua, wakaondoka taratibu kwa maji ambayo hayakuwa na mlinzi. Kesho yake watu wa Murray wakaingia ndani ya boma tupu. Wakaenda kuitazama ile mizinga iliyomtisha Jeshi la Wanamaji la Mfalme wa Uingereza. Ilikuwa ya mbao.

Soma tena pole pole. Miti iliyochongwa ikawa duara, na pengine ikapakwa rangi. Na hii ni Ufipa, nchi ya malungu, zile tanuru za udongo zilizozidi kimo cha mtu, ambamo mafundi wetu waliyeyusha chuma kwa vizazi vingi. Katika nchi ya wafua chuma, ufalme mmoja wa Ulaya ulitishia kwa magogo, na mwingine ukatishika.

Miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho, na kila mara kilipata watu. Nilikisimulia chuoni, nilikisimulia kwenye basi. Mwaka niliomaliza chuo nilikisimulia kwa babu yangu, mbele ya moto, Juni, baridi ya Sumbawanga ikiwa imetung'ang'ania masikio. Nilitaka acheke. Alicheka, hasa pale pa sketi. Kisha nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kufikiria kuuliza.

"Babu, kwani sisi katika vita ile tulikuwa upande gani?"

Akasogeza kuni. "Upande wa chini ya mzigo, mjukuu wangu."

Nikadhani ni utani. Haukuwa utani. Akaniambia baba yake alichukuliwa kijana, akabeba unga wa watu wengine hadi akasahau hesabu ya siku, akarudi na bega moja limeshuka kuliko jingine. Nani alimchukua? Babu akasema baba yake alikuwa akijibu swali hilo kwa namna moja tu: mwanzoni walikuwa Wajerumani, baadaye walikuwa Waingereza, mzigo ulikuwa ule ule.

Nikarudi kusoma upya, mara hii nikiwatafuta wabebaji. Katika vita vile Afrika Mashariki, magari hayakupita na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, hivyo jeshi lilitembea juu ya vichwa vya watu. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutoka kwenye kikosi hicho cha wapagazi. Waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, wachache kwa risasi. Idadi hiyo ni kubwa mara nyingi kuliko ya askari waliouawa katika mapigano yote ninayoweza kuyataja. Na vita vilikwishia mlangoni kwetu: tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya amani Ulaya, Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka.

Katika banda la video tulifundishwa kanuni moja ya filamu za aina hii: atakayeiokoa dunia ni yule ambaye hukumdhania. Mlevi, mwalimu, mwoga wa damu. Waingereza waliosimulia kisa cha Tanganyika walifuata kanuni hiyo hiyo, wakamweka kamanda wa sketi katikati. Frank Magee, aliyekuwa kikosini, alikiandika mwaka 1922 katika jarida la National Geographic. C. S. Forester akakitumia kama mbegu ya riwaya yake, na mwaka 1951 ikawa filamu, The African Queen. Katika masimulizi hayo Waafrika wa kando ya ziwa wanaonekana wakimstaajabia kamanda, hata inadaiwa Waholoholo walimfinyangia sanamu za udongo. Labda walifinyanga. Lakini mimi ni mtu wa Sumbawanga, ninajua jinsi watu wanavyomkejeli mgeni usoni pake huku mgeni akidhani anaabudiwa. Mwanamume mzima amevaa sketi, amejichora nyoka, anapunga bendera kabla ya kuoga. Ningekuwa mfinyanzi, na mimi ningeiweka kumbukumbu.

Askari ambaye hakuna aliyemdhania, kwangu, ni yule mama wa Katanga mwenye mtungi. Hakuulizwa kama anamchukia Mjerumani. Hakujua Papenburg wala London. Alitembea maili zake juani, akamimina maji yake ndani ya tumbo la mtambo, akaambiwa arudi kuleta mengine. Mtoe yeye, na Mimi inabaki porini Mitumba kama kitanda kilichokosa mlango wa kupitia. Kingani haitekwi, mbuzi hapati umaarufu, na Spicer-Simson anarudi mezani kwake.

Sisemi tusicheke. Mizinga ya mbao inachekesha, na itaendelea kuchekesha. Ninachodai ni kwamba kicheko hicho ni chetu kwanza, kwa kuwa tulilipia tiketi kabla ya wengine wote. Wafipa waliotazama boma la Bismarckburg siku zile, waliokuwa wakiingiza kuni na kutoa taka, lazima waligusa magogo yale kwa mikono. Huo ni ukisiaji wangu, sina karatasi ya kuuthibitisha. Lakini ninapowaza kisa hiki siku hizi, simwoni tena kamanda na darubini yake. Ninawawaza watu watatu au wanne wamekaa kivulini chini ya ukuta, wanazitazama meli zikigeuka na kukimbia, halafu wanatazamana.

Wageni wale waliondoka wote. Spicer-Simson alirudishwa kwao mgonjwa mwaka huo huo wa 1916, akapewa nishani, asipewe chombo tena. Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, baada ya mafundi kuipaka mafuta mazito mitambo yake. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi ikiwa na jina jipya: Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe. Kwa miongo mingi meli ile ya kivita ilibeba mama zetu na dagaa zao, ikitia nanga Kasanga kabla ya kumalizia safari Mpulungu.

Mwaka jana niliteremka Kasanga na yule rafiki yangu wa benchi la mbele. Siku hizi ni fundi umeme, ana watoto wawili, na bado anapenda filamu za viumbe wa angani. Njiani nikamsimulia yote, kuanzia kigoda cha Milansi hadi magogo ya boma. Pale pa mizinga alicheka hadi akaegesha pikipiki kando. Pale pa babu alinyamaza.

Tulifika bandarini saa nne asubuhi. Palikuwa na mashua inayopakia saruji kwenda Kongo, na vijana kama kumi walikuwa wanatembea juu ya ubao mwembamba, kila mmoja na mfuko wa kilo 50 begani, vumbi jeupe limewajaa kope. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya njia, nimenyoosha mkono kumwonyesha rafiki yangu upande lilikokuwa boma.

"Kaka," akasema mmoja nyuma yangu, "historia baadaye. Pisha mzigo."

Tukapisha.